Magunia ya Saa Mbili

Kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, nilikuwa nasimama juu ya kreti la nanasi katikati ya uwanja wa kiwanda, nafumba jicho la kushoto, nanyoosha mkono, naulinganisha moshi na kadi.

Kadi yenyewe ni ndogo, inaenea kiganjani. Ina miraba mitano. Wa kwanza una kijivu cha mbali, kama mvuke wa chai. Wa tano ni mweusi kama kitako cha sufuria. Unaishika kadi usawa wa bomba la moshi, unaangalia mraba upi unafanana na kinachotoka juu, unaandika namba yake daftarini. Ni kazi ya dakika tatu. Nilisoma chuo miaka mitatu ili niweze kuifanya.

Jumanne ile niliandika moja, kama jana, kama juzi, kama siku zote. Nikafumbua jicho. Nilipogeuka nishuke, nikamkuta mama mmoja mtu mzima amesimama nyuma ya kreti, mkoba begani, chupa ya chai mkononi, ametulia kama anayengoja zamu yake.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Usinijali. Mimi ndiye mkaguzi."

Mkaguzi alikuwa aje Alhamisi.

Kwa wewe unayenikuta leo, nitakuelezea upesi, maana walionisoma tangu mwanzo wanayajua haya na wameshanihurumia vya kutosha. Kiwanda chetu kinakausha nanasi na kuliuza ng'ambo. Kule ng'ambo wametunga kanuni: tunda lililokaushwa kwa moshi mchafu, au kwa miti ya msitu wa asili, halishuki bandarini kwao. Kwa hiyo kila mwaka tunatakiwa tuwe na cheti cha mazingira, na ili tuwe na cheti tunatakiwa tuwe na Afisa Mazingira. Meneja aliponiuliza kwenye usaili kama kazi nitaiweza, niliinamisha kichwa kwa haya. Akadhani nimekubali. Nikaajiriwa.

Uwanjani wananiita Bi Moshi.

Wiki jana niliwasimulia jinsi kipimajoto cha kiwanda kilivyonitumbukia kwenye mtaro, na jinsi wafanyakazi mia na arobaini walivyoacha visu wakaja kunisaidia kukitafuta wakati mimi nilitamani nitumbukie mwenyewe. Lile lilikuwa dogo. La leo ni kubwa, na linamhusu mjomba wangu.

Mjomba ni kaka wa mama, kaka wa pekee. Baba alipotutoka alihamia kwetu na sanduku moja, akanilea, akanisomesha. Kwa miaka ishirini na saba amekuwa mchochea moto wa boila, boila la kiwanda hikihiki, lile linalotoa mvuke wa kukaushia nanasi. Amebakiza miezi mitano astaafu.

Fomu ya ajira ilikuwa na swali: Je, una ndugu katika kiwanda hiki? Nilimuuliza Mjomba nijaze nini.

"Jaza hapana," akasema. "Ukijaza ndiyo watasema nimekupitisha mlango wa uani."

Nikajaza hapana. Tangu siku hiyo, jioni tunakula meza moja, na asubuhi hatujuani. Kiwandani mimi namwita Fundi, yeye ananiita Afisa. Siku moja nilipiga chafya mbele ya watu, likamponyoka, "Pole, mama." Alikohoa dakika nzima ili kulifuta.

Sasa turudi kwenye kreti.

"Umeandika ngapi?" mkaguzi akaniuliza.

"Moja."

Akaomba kadi. Akapanda kreti bila kusaidiwa, akafumba jicho lake, akautazama moshi muda mrefu kuliko ninavyoutazama mimi.

"Moja kweli," akasema. "Na jana?"

"Moja."

"Na ule mwezi wa mvua, barabara zilipokatika?"

"Moja."

Akachukua daftari langu, akawa anapindua kurasa taratibu. Miezi kumi na moja. Moja, moja, moja. Ukilitazama kwa mbali, daftari lile lilifanana na uzio wa fito.

"Hongera," akasema, kama daktari anavyosema "aha" akiwa ameshika picha ya mapafu yako.

Meneja akatokea anakimbia huku anafunga tai. "Karibu, karibu sana, mama! Sisi tulikuwa tunakungoja Alhamisi!"

"Najua," mkaguzi akasema.

"Basi umeshaonana na Afisa wetu. Mdomo hana, lakini kazi anaijua. Mwulize chochote."

"Nitamwuliza. Kwanza naomba daftari la kuni."

"Lipo boila. Afisa, hebu kimbia ukalilete, mimi namwingiza mgeni ndani."

Nikakimbia. Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe, maana kosa langu lilianzia hapa.

Kanuni inasema moshi usomwe mara mbili kwa siku, kwa saa ambazo mchochea moto hazijui. Mimi nilikuwa nasoma mara moja, saa mbili, na saa mbili tu. Kwa nini? Kwa sababu saa mbili wakata nanasi wote wako ndani wananawa mikono, uwanja unakuwa mtupu. Ukisimama juu ya kreti umefumba jicho moja na kunyoosha mkono kuelekea mbinguni, hakuna atakayekuona. Siku ya kwanza nilisoma saa nne, wanawake wote walikuwa nje. Mmoja akauliza kwa sauti, "Anapunga nani?" Sikurudia tena. Usomaji wa pili wa siku nilikuwa naukisia kutokana na wa kwanza.

Ofisi yangu nayo ilikuwa stoo ya magunia, dirisha lake linatazama ukuta. Na saa za kutoka, boila linakuwa limeshazimwa. Hivyo kwa miezi kumi na moja niliujua moshi wa kiwanda chetu kwa dakika tatu kila siku, nikaridhika kwamba tunafahamiana.

Niliposukuma mlango wa boila, nilimkuta Mjomba anatupa gogo motoni. Gogo bichi, na magome yake, linatoa povu mwishoni kama mtu anayepiga mswaki. Nyuma yake palikuwa na lundo la magogo mengine mpaka dirishani.

Sisi hatuchomi magogo. Kwenye kila karatasi tuliyowahi kupeleka ng'ambo imeandikwa kwamba tunachoma maranda, yale mabaki makavu ya randa kutoka kiwanda cha mbao, basi.

Maranda yalikuwepo. Yalikuwa pembeni, magunia tisa yamepangwa vizuri, yamefunikwa turubai. Juu ya kila gunia palikuwa na maandishi ya chaki, mwandiko wa Mjomba ninaoufahamu tangu aliponifundisha herufi: SAA MBILI.

Nikatoka nje, nikainua macho. Sikuhitaji kadi. Nne. Nikarudi ndani.

"Fundi," nikasema.

"Afisa," akasema, bila kugeuka.

"Mjomba, hakuna mtu."

Akachungulia mlangoni kwanza. "Sema, mama."

"Magunia haya ni ya nini?"

"Ya saa mbili."

"Ya nini saa mbili?"

Akafuta jasho kwa kofia. "Ya kwako."

Nikakaa juu ya gogo. Lilikuwa limelowa. Nikaendelea kukaa.

"Unakumbuka wiki yako ya kwanza?" akaniuliza. "Kulinyesha, maranda yakalowana, ukasoma tatu. Meneja akauchana ukurasa, akakufokea mbele ya watu kwamba unataka kukifunga kiwanda. Jioni ile ulikula vijiko viwili. Mama yako akalia jikoni, akidhani sisikii. Mimi nikasema, huyu mtoto akiandika tatu hali, akiandika moja anakula. Basi kila asubuhi nikawa nakupikia moja."

"Kila asubuhi?"

"Saa mbili kasoro robo natia yaliyokauka kabisa. Ukishashuka kwenye kreti, naendelea na kazi."

"Na haya magogo?"

"Kiwanda cha mbao kimefungwa tangu mwezi wa tatu. Ile amri mpya ya kulinda misitu. Wasipopasua mbao hakuna maranda. Nikaenda kwa meneja, nikamwambia. Akaniambia, 'Fundi, jitahidi.' Kesho yake likaja lori la magogo."

"Yametoka wapi?"

"Sikuuliza. Uliniona wapi mimi nikauliza?"

Ni kweli. Katika ukoo wetu hakuna anayeuliza. Ndiyo maana tupo kama tulivyo.

"Mjomba, mkaguzi yupo kiwandani. Amekuja leo."

Aliliegemeza koleo lake ukutani. Kisha akafanya jambo lililoniumiza kuliko maneno. Alinitolea kipande cha gome la mti kilichonasa kwenye sketi yangu, akakitupa motoni, akaniambia, "Nenda, Afisa. Daftari lile pale juu ya msumari. Usichelewe kazini."

Njiani nikalifungua daftari. Kila lori la magogo lilikuwa limeandikwa, tarehe na uzito, Mjomba hafichi kitu kwenye maandishi. Pembeni mwa kila lori palikuwa na saini ya kupokea. Saini ya meneja ina mkia mrefu, huwezi kuifananisha na nyingine.

Kwenye bomba la maji nilimkuta Mama Visu, kiongozi wa wakata nanasi, mwanamke ambaye akicheka chumba cha pili wanasitisha kazi. Nikamwuliza, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida, kama amewahi kuuona moshi mweusi.

"Kuona?" akasema. "Mwenzangu, nguo zangu nyeupe nimegawa zote."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini na wewe ndiye mwenye moshi? Sisi tulijua umekubaliana nao. Ulivyo kimya! Tukasema, yule binti ni mjanja, anapita kama hayupo."

Miezi kumi na moja nilikuwa naona haya. Kumbe kiwanda kizima kilikuwa kinaniona tapeli, na kilikuwa kinaniheshimu kwa hilo.

Mkaguzi alikuwa ameketi ofisini kwangu, kwenye kiti changu, anajimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Nikampa daftari la kuni. Akalitia mkobani bila kulifungua.

"Miaka kumi na tisa nazunguka viwandani," akasema. "Nimeona moja, nimeona tano. Sijaona kiwanda kisicho na siku mbaya. Hata mimi nina siku mbaya. Wewe je?"

"Ninazo."

"Daftari lako halina."

Nikafungua mdomo. "Mama, kuna..."

"Kuna nini?"

"Kuna sukari, kama unahitaji."

Akaitikia kwa kichwa. Nikampa sukari. Akatia vijiko viwili, akakoroga, akanitazama muda wote wa kukoroga.

"Saa nane tutasoma tena moshi," akasema. "Mimi, wewe na meneja wako. Halafu utatia saini taarifa ya mwaka."

Alikuwa amenipa zaidi ya saa tano. Nikahesabu: magunia tisa yanatosha asubuhi tisa. Mchana mmoja usingekuwa shida. Ilihitajika mtu mmoja tu apite boila na kusema maneno mawili: saa nane. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno hayo.

Nilitembea mpaka mlangoni mwa boila mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nakwenda kumwambia atie maranda. Mara ya pili nilikuwa nakwenda kumwambia asitie. Mara ya tatu sikujua nakwenda kusema nini, na nilikuta meneja amenitangulia.

"Fundi!" alikuwa anasema humo ndani. "Saa nane! Saa nane yawe kama ya asubuhi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

Nikarudi stoo kwangu, nikautazama ukuta.

Saa nane tukapanda kreti kwa zamu. Mkaguzi akasoma moja. Mimi nikasoma moja. Meneja, ambaye hajawahi kuishika kadi ile, aliishika kichwa chini akasoma moja vilevile.

"Umeona, mama?" akasema. "Sisi hapa mazingira yamo damuni."

Tukaingia ofisini kwake. Ni chumba kizuri, kina zulia, na nyuma ya kiti chake kuna dirisha kubwa. Meneja akakaa na kulipa dirisha mgongo. Mkaguzi akakaa mbele yake, akainama mkobani kutafuta fomu. Mimi nikakaa kwenye kiti cha pembeni. Katikati ya dirisha, juu kidogo ya kichwa cha meneja, lilionekana bomba la moshi. Sikujua kama linaonekana kutoka pale. Sikuwahi kukaa kwenye ofisi ile. Siku zote nilikuwa nasimama mlangoni.

Mkaguzi akanisogezea karatasi na kalamu. Nikasoma: Nathibitisha kwamba vipimo hivi vya moshi ni vya kweli kwa saa zote za kazi, na kwamba sina undugu na yeyote anayehusika na moto.

"Soma kwa makini," mkaguzi akasema. "Karatasi hii ndiyo inayokwenda ng'ambo. Mizigo ndiyo inafuata."

"Atatia, atatia," meneja akasema. "Huyu binti ni mwaminifu mno. Nakwambia, mama, tangu aje, moshi wetu ni mweupe kama wingu."

Juu ya kichwa chake moshi ukawa mbili.

"Nimeshawaambia hata wanunuzi. Nimewaambia, njooni saa yoyote."

Ukawa tatu.

"Hata mtoto mchanga unaweza kumlaza chini ya bomba lile."

Ukawa nne, ukajikunja, ukashuka kwenye paa la chumba cha wakata nanasi. Gunia la saa nane lilikuwa limekwisha, nadhani. Mjomba alikuwa amehesabu kwamba tumeshashuka kwenye kreti.

Mkono wangu ulikuwa juu ya karatasi na haukuwa unaandika.

"Unaangalia nini, mwanangu?" mkaguzi akaniuliza.

"Hakuna."

Akainua uso, akafuata macho yangu, akapita juu ya kichwa cha meneja. Akatazama kwa kitambo. Akaitoa kadi mfukoni, akanyoosha mkono palepale alipokaa, akafumba jicho. Meneja alidhani anampungia, akapunga naye.

"Nne," mkaguzi akasema. "Niitieni mchochea moto."

Mjomba aliingia na kofia mkononi. Akavua viatu kwa ajili ya zulia. Soksi yake moja ilikuwa imeunguzwa na moto kwenye kidole, ni mimi niliyeishona wiki ile, kwa uzi wa rangi nyingine.

"Fundi," mkaguzi akasema, "unachoma nini?"

Mjomba hakunitazama. Alimtazama mkaguzi, akaanza kusema kama mtu anayesoma kitu alichokihifadhi zamani, na nilipomsikia nilijua alikihifadhi tangu asubuhi, au tangu miezi kumi na moja.

"Asubuhi maranda, mama, ili Afisa aone vizuri. Akishaondoka, magogo. Nimemdanganya mwaka mzima. Yeye hana kosa, hakujua kitu. Ni mtoto tu, ametoka chuoni, anaamini anachokiona. Meneja naye hakujua. Ni mimi peke yangu."

Meneja akapumua kwa nguvu hata karatasi mezani zikasogea. "Unaona mambo haya! Miaka ishirini na saba nafuga nyoka! Fundi, leo hii utoke, na usikanyage hapa tena."

"Sawa, bosi."

"Na kustaafu sahau."

"Sawa, bosi."

Mkaguzi akaandika mstari. Akaandika wa pili. "Ikiwa ni hivyo," akasema polepole, "mambo yanakuwa mepesi. Mtu mmoja alidanganya, kiwanda kimemwondoa, Afisa hakujua. Ninaweza kukipa kiwanda onyo na miezi mitatu ya kujirekebisha. Cheti kinabaki." Akanitazama. "Kama Afisa anathibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa."

"Anathibitisha," meneja akasema.

"Nimemwuliza yeye. Unamfahamu huyu mzee?"

Nikafungua mdomo, na Mjomba akanitangulia.

"Hanifahamu, mama. Tunasalimiana tu. Mimi hata jina lake silijui vizuri."

Jina langu alinipa yeye. Alilitoa kwa bibi yake, akalitamka mara tatu sikioni mwangu siku niliyozaliwa. Mama amenisimulia hadithi hiyo mpaka nimeichoka.

Alikuwa amenipikia moja kwa mara ya mwisho, na ilikuwa tayari, imepakuliwa. Nilichotakiwa ni kutia saini na kula.

"Afisa," akasema taratibu, "tia saini, uende kazini."

Niliiweka kalamu chini. Ilitoa mlio mkubwa kuliko nilivyotarajia.

"Mjomba," nikasema, "nyamaza."

Miezi kumi na moja neno hilo halikuwa limesikika mbele ya watu ndani ya geti lile. Mjomba akafumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji. Meneja akageuka kulia, akageuka kushoto, akitafuta mwenye mjomba.

"Mjomba wa nani?" akauliza.

Nilisimama. Nikamgeukia mkaguzi, nikasema kwa sauti ambayo Mama Visu aliniambia baadaye ilifika hadi kwenye meza za kukatia.

"Wangu. Ni kaka wa mama yangu, tunakula meza moja, amenisomesha kwa moto wa boila lile. Kwenye fomu nilijaza hapana, nilidanganya. Kanuni inasema moshi usomwe saa zisizojulikana, mimi nilisoma saa mbili tu kwa sababu naona haya watu wakinitazama, na nusu ya daftari hilo nimekisia. Yeye alinisafishia moshi kwa sababu nilikuwa sili chakula. Kosa la kutotazama ni langu. Na magogo hayakujileta, mama. Fungua daftari la kuni, lipo mkobani mwako, uangalie saini yenye mkia. Kisha andika nne. Na kama unamwandika yeye, anza na mimi."